Desemba mbili, kishikwambi kimoja

Kishikwambi changu kilinifikia mwanzoni mwa 2023 kikiwa na mkwaruzo kwenye kona ya kioo. Mliokuwa makarani wa Sensa ya 2022 mnavikumbuka vile vifaa tulivyozunguka navyo nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 23 Agosti, tukiuliza nani alilala humu usiku wa kuamkia siku ya Sensa. Kazi ilipoisha viligawiwa walimu. Nami nilikuwa karani, na nilipenda kuamini kwamba kile chenye mkwaruzo ndicho nilichozunguka nacho. Sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba mwaka mzima kazi yake kubwa ilikuwa kupiga picha kwenye sherehe na kuwaonyesha watoto wa dada yangu katuni.

Ninafundisha shule ya msingi mkoani Singida, kijiji cha alizeti na mawe makubwa yaliyokaa kama tembo waliolala. Umeme umefika ofisi ya walimu na kuishia hapo. Madarasa yana nondo dirishani, vioo hakuna. Siku ya kufunga shule, Desemba 2023, Mwalimu Mkuu aliniita pembeni.

"Madamu, Januari unachukua la tatu."

"La tatu si ndilo linaloanza na mtaala mpya?"

"Ndilo. Ndiyo maana nakwambia leo."

Mtaala ulioboreshwa ulikuwa unaanza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Mimi niliyezoea Maarifa ya Jamii nikaambiwa sasa kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Nilitoka pale tumbo limenikaza. Nikajisemea: nina kishikwambi, nina mwezi mzima, mwaka huu nitajiandaa kisasa.

Tuelewane kuhusu huo mwezi mzima. Mwalimu wa kijijini likizo ya Desemba yupo shambani. Mvua ikishaanguka hakuna wa kukungoja. Asubuhi ni jembe, mchana ni jua, na unachobaki nacho ni saa mbili za jioni ukiwa umechoka hadi kope. Juu ya hayo ulikuwa msimu wa mgao wa umeme. Nilipopanga likizo ile kwenye karatasi nilijigawia saa sita za maandalizi kwa siku. Sijui nilikuwa namdanganya nani. Siku hizi nahesabu saa nane au tisa kwa wiki, na hizo nikizipata nashukuru.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ile ile. Kwenye grupu la walimu mtu alituma tangazo: maazimio ya kazi mapya (ile mipango ya nini kifundishwe wiki kwa wiki), darasa la tatu, masomo yote, 5,000 tu, lipa kwa simu. Nililipa kabla hata ya kumaliza kusoma. Yakaja mafaili sita yamepangwa vizuri, safu zile zile tunazozijua: umahiri mkuu, umahiri mahususi, mwezi, wiki, vipindi, rejea. Nikafurahi. Nikaendelea kupakua kila kilichopita mbele yangu: maandalio ya somo, nukuu, mitihani ya mikoa mingine, video za kuhesabu zenye watoto wa Kizungu wanaoruka ruka. Bando la wiki lilikuwa linaisha siku ya tatu. Kufikia katikati ya Desemba nilikuwa nimetumia kama 22,000 kwenye bando peke yake, na kishikwambi kilikuwa kinanionya kwamba nafasi imejaa. Nilikuwa nimefungua labda faili moja kati ya kumi. Kupakua kunafanana sana na kufanya kazi, hapo ndipo kunapokamata watu.

Kosa la pili ndilo linaloniuma mfukoni hadi leo: projekta. Niliona video ya mwalimu mmoja wa mjini akionyesha mfumo wa jua ukutani, watoto macho yamewatoka, nikaona huyo ni mimi. Nikakopa kikoba 200,000, nikaongeza zangu 80,000, nikaagiza projekta ya mitumba kutoka Dar. Mzigo kwenye basi 10,000, waya mrefu wa kuvuta umeme kutoka ofisini 25,000. Hesabu ya jumla ni 315,000 kwa kitu ambacho sikuwa nimekiona kikiwaka. Nilipokijaribu sebuleni usiku kiliwaka vizuri sana. Mama alileta kiti akakaa kama yuko sinema.

Basi nikaanza kuandaa masomo ya picha. Nilitengeneza kurasa zaidi ya 100, kila moja na maandishi ya rangi. Zote ndani ya kishikwambi, hakuna nakala popote. Siku chache kabla ya Krismasi mtoto wa dada alikichukua nikiwa shambani. Nilikuwa nimeweka namba ya siri ili wasikichezee. Yeye akakisia, akakisia tena, mpaka kikajifunga. Fundi wa mjini alinitazama kwa huruma: "Dada, hapa dawa ni moja tu, tufute vyote kianze upya." Nilimlipa 10,000 kunifutia kazi ya wiki tatu.

Nililia njiani kwenye bajaji, sioni aibu kulisema. Niliporudi nyumbani nikachukua daftari la kaunta, nikaanza kuandika kwa mkono yale niliyoyakumbuka. Jambo la ajabu, niliyoyakumbuka yalikuwa machache na yote yalikuwa ya maana. Kurasa 100 zilirudi zikiwa 14 za daftari. Mafaili sita ya maazimio nayo yalirudi, maana yalikuwa bado kwenye grupu.

Natamani yangepotea moja kwa moja.

Januari shule zikafunguliwa. Wiki ya pili mwalimu wa taaluma alikuwa anapitia maazimio yetu kabla ya Mwalimu Mkuu kuyasaini. Ni mtu mzima, mpole, hasemi neno la kukuaibisha. Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho ya azimio langu la Historia ya Tanzania na Maadili, akakiacha pale. Nikasoma. Rejea: Maarifa ya Jamii, Kitabu cha Mwanafunzi, Darasa la Tatu. Aliyeniuzia alikuwa amebadilisha kichwa cha juu tu. Mada zote chini yake zilikuwa za muhtasari wa zamani, yaani mwongozo wa somo wa mtaala uliopita, na mimi nilikuwa nimezichapa, nimezitia saini, nimezifundisha siku nane.

"Mwalimu, haya uliyaandika mwenyewe?" aliuliza.

"Hapana, kaka."

"Nilijua. Wewe huandiki ovyo hivi." Akanifungulia muhtasari halali kwenye simu yake. Taasisi ya Elimu Tanzania imeuweka kwenye tovuti yake, bure, na vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao yao, navyo bure. Nilikuwa nimelipa 5,000 kupata kitu kibovu kilichokuwa kando ya kitu kizuri cha bila malipo.

Tangu siku hiyo azimio la mtu mwingine nalichukulia kama jibu la mwenzako kwenye mtihani. Kwanza nafungua muhtasari wenyewe, naangalia jalada linasema toleo la mwaka gani. Kisha nahesabu vipindi, naweka kalenda ya muhula pembeni, ndipo naandika. Kwa somo moja inanichukua jioni tatu. Nikishamaliza ndipo naangalia la mwenzangu, kuona nilichoruka.

Projekta nayo ilifanya harusi yake wiki hiyo hiyo. Nilichagua kipindi cha saa nne asubuhi. Waya ukavutwa kutoka ofisini kupitia uwanjani, wavulana wawili wakasimama kuulinda usikanyagwe na mbuzi. Nikawasha. Ukutani hakukuonekana kitu. Jua la Singida saa nne, madirisha wazi pande zote mbili: ile picha iliyomvutia mama sebuleni ilikuwa imegeuka kivuli cha rangi ya chai. Tukatundika kanga na vitenge madirishani. Sasa picha ikaonekana kidogo, na watoto 87 wakaanza kuiva kwa joto. Mmoja wa mbele alisinzia. Wa nyuma walisimama juu ya madawati ili waone, dawati moja likavunjika mguu. Dakika ya ishirini umeme ukakatika, na kusema kweli nilishusha pumzi.

Kama unafikiria kununua projekta, usiijaribu nyumbani usiku. Iazime, ipeleke kwenye chumba chenyewe, saa ile ile ya kipindi chako, msimu wa jua. Ikikushinda hapo umeokoa pesa. Mimi deni la kikoba nililimaliza mwezi wa sita. Projekta iko juu ya kabati. Kwaya ya kanisani huiazima kwa mikesha, maana usiku giza ni la bure.

Kuhusu grupu la WhatsApp la wazazi nitapita haraka. Nililifungua Januari kwa mbwembwe. Kati ya wazazi 61 walionipa namba, wenye simu janja walikuwa 19, wengine wote ni vitochi. Nikawa natangaza mambo ya darasa kwa watu 19, na hao nao wananitumia maombi ya mnyororo na matangazo ya mikopo. Nililifunga Machi. Siku hizi ni ujumbe mfupi wa kawaida, maneno machache, hauzidi mmoja kwa wiki, na kwa wale wasiosoma nampigia mjumbe wa shina. Ujumbe unaofika ni "Kesho mtoto aje na chupa tupu ya maji. Mwl wa la 3." Mzazi aliyenifundisha mambo hayo ni mama mmoja aliyenifuata sokoni akaniuliza kwa nini mwanawe hapewi taarifa kama wenzake.

Likizo ya Juni 2024 ndiyo ilinibadilisha, tena kwa bahati. Tulikuwa tunakaribia sehemu ya historia ya mahali tunapoishi, na kitabu hakiwezi kujua historia ya kijiji chetu. Jirani na kwetu yupo mzee aliyehamishwa na familia yake wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ile ya sabini watu walipotolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Nilimwendea jioni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na kasimu kako."

Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akauliza: "Hiyo sauti yangu itaishia wapi?"

"Darasani tu, babu. Siirushi popote."

"Na hao watoto watanyamaza?"

Rekodi ya kwanza ilikuwa takataka. Tulikaa chini ya mti, upepo ukaingia kwenye maiki, ukisikiliza unasikia kama mtu anapepeta mtama, na jogoo alitoa maoni yake kila baada ya sentensi tatu. Halafu simu iliita katikati. Siku ya pili tulikaa ndani, mlango umefungwa, kishikwambi kimewekwa hali ya ndegeni, kimelazwa juu ya mto wa kitanda umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni mwake. Alizungumza dakika 40. Nikazipunguza hadi 6, kwa programu ya bure ya kukata sauti, kazi iliyonila jioni mbili kwa sababu kila nilichokikata kilikuwa kinaniuma. Nilimbakiza akieleza jinsi mama yake alivyobeba jiwe la kusagia kichwani kutoka boma la zamani kwa sababu aliwaambia askari kwamba nyumba wataiacha, jiwe hawaliachi.

Nikanunua spika ndogo ya kuchaji, 30,000. Haihitaji umeme wa ofisini, inacheza kutwa nzima, na mtoto wa dawati la mwisho anasikia sawa na wa mbele. Julai nikaibonyeza. Watoto 87 walinyamaza. Kwa walimu wa madarasa makubwa sina haja ya kueleza uzito wa sentensi hiyo. Sauti ilipofika kwenye jiwe la kusagia, msichana mmoja wa dawati la tatu alinong'ona, akimwambia mwenzake, "Lipo kwetu. Bibi hutwangia dawa." Kesho yake watoto wanne walikuwa wameuliza nyumbani walikotoka.

Hapo ndipo niligeuza mawazo yangu juu ya kifaa hiki. Nilikuwa nahangaika kukiingiza darasani, kumbe mahali pake ni likizo. Kifanye kazi nyumbani wakati nina chaji na utulivu, kisha darasani kiingie kitu kisichohitaji bando wala umeme wa nguzo. Desemba 2024 nilijiandaa hivyo, na gharama yote haikufika 60,000.

Kwanza, kabla mwalimu wa darasa la pili hajaondoka kwenda kwao, nilikaa naye saa moja na nusu na orodha ya watoto atakaonikabidhi. Kila jina aliniambia: huyu anasoma vizuri, huyu anasuasua, huyu bado anakisia kwa kuangalia picha. Niliingiza kwenye jedwali la kishikwambi, safu tatu tu. Pia aliniongezea mambo yasiyoingia kwenye jedwali: huyu haoni vizuri, mkalishe mbele, huyu mama yake amejifungua, atachelewa wiki za mwanzo. Mwaka uliotangulia nilitumia karibu wiki tatu za Januari kugundua nani hajui kusoma. Safari hii siku ya kwanza walikaa kwa makundi, na wale 11 wa kundi la mwisho nilianza nao silabi kabla hata madaftari mapya hayajanunuliwa. Nikiulizwa teknolojia gani imenisaidia kuliko zote, ni hilo jedwali, na nusu yake ni kinywa cha mwenzangu.

Kisha nilizunguka nikipiga picha. Korongo lililokatwa na mvua nyuma ya zahanati, shamba lenye makinga maji na la jirani lisilo nayo, kisima kikiwa kimejaa na kile kile nilichokuwa nimekipiga Septemba kikiwa kikavu, mawe yetu, ziwa Singidani nilipokwenda mjini. Sikupiga sura za watoto wa watu. Nilichagua picha 12 nikazipeleka steshenari, karatasi ya A4, rangi, zikapigwa laminesheni, 1,500 kila moja. Elfu kumi na nane. Hizo picha zinapita mkono kwa mkono, zinamwagikiwa uji, zinafutwa na kanga, zinaendelea. Ubishi wa kisima gani ni cha wapi uliwahi kunimalizia kipindi kizima, na sikujuta. Angalizo moja: mwangalie mchapaji kabla hajachapa zote. Wangu alichapa ya kwanza wino wa njano umeisha, mbuga nzima ikawa zambarau.

Nakala nazo nilijifunza. Kila Jumapili jioni nahamisha kazi yangu kwenye flashi, na flashi inakaa kwa mwalimu mwenzangu, haikai nyumba moja na kishikwambi. Na mambo ya lazima, yaani azimio na orodha ya makundi, nachapa na kubandika kwenye daftari la kaunta. Watoto wa dada nimewanunulia redio ya zamani waipasue wanavyotaka.

Siyo kila kitu kimenyooka. Bado nashindwa kurekodi Hisabati ikawa na maana. Sauti ya mtu akieleza nusu na robo haina msaada, mtoto anataka kukata chungwa. Betri ya spika ilianza kuchoka Agosti na mpya inauzwa karibu sawa na spika nzima. Na wapo wenzangu ofisini wanaoona ninajipendekeza. Mmoja aliniuliza kama nalipwa kwa picha. Nilimpa korongo aende nalo la tano. Amelirudisha likiwa limepinda kona moja, akaomba la kisima.

Mwezi uliopita yule mzee alikuja shuleni na fimbo yake. Alikuwa amesikia kutoka kwa wajukuu kwamba anafundisha darasa la tatu, akataka kusikia anafundisha nini. Nilimpa kiti, nikabonyeza spika. Alisikiliza dakika zote 6 kichwa ameinamisha, na watoto wakimwangalia yeye badala ya spika. Ilipokwisha akagonga fimbo sakafuni.

"Hapo nimekosea. Nimesema tulihama masika. Ilikuwa kiangazi, mahindi yalikuwa ghalani, ndiyo maana tuliyaacha mengi." Akanigeukia. "Mwalimu, mkifunga shule uje tena na kasimu kako. Uje asubuhi, jioni nasahau."

Nimeshaandika kwenye daftari: Jumanne ya kwanza ya likizo, saa mbili asubuhi, chaji kamili, na kumfungia jogoo.